Mara tano kwenye karatasi ya kura: namna ya kuisoma rekodi ya Profesa Lipumba

Kila msimu wa uchaguzi mkuu unapokaribia Tanzania, jina la Profesa Ibrahim Lipumba hurudi vijiweni, kwenye daladala na katika makundi ya WhatsApp, na mara nyingi hurudi na hesabu zisizopatana. Mmoja husema amegombea urais mara sita au saba. Mwingine huapa kwamba hajawahi kufikisha hata asilimia kumi. Wa tatu hushikilia kwamba ni yeye aliyekuwa akiigawa kura ya upinzani na kuiachia CCM njia nyeupe. Madai yote matatu yana kasoro, na kasoro hizo hazitokani na uongo bali na mazoea yetu ya kusoma matokeo ya uchaguzi kwa kutazama namba moja tu na kuziacha zilizo pembeni yake. Makala hii inajaribu kuzirudisha namba hizo mahali pake, kwa sababu rekodi ya mtu huyu mmoja ni njia nzuri kuliko nyingi ya kuelewa yaliyoupata upinzani wa Tanzania tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992.

Tuanze na maneno. Mgombea wa kudumu ni mtu anayeomba nafasi ile ile uchaguzi hadi uchaguzi bila kuipata. Chama cha tatu, katika nchi zenye vyama viwili vikubwa vinavyopokezana madaraka, ni chama kilicho nje ya viwili hivyo. Tanzania haijawahi kuwa na vyama viwili vya namna hiyo. Ina chama kimoja kikubwa, CCM, na kiti cha mpinzani mkuu ambacho kimekuwa kikibadilisha mwenyewe: mwaka 1995 kilikaliwa na NCCR-Mageuzi, mwaka 2000 na 2005 kikawa cha Chama cha Wananchi, CUF, na tangu 2010 hadi 2020 kikawa cha CHADEMA. Hivyo Lipumba, aliyegombea kwa tiketi ya CUF nyakati zote, alikuwa wa tatu, kisha wa pili, kisha wa pili tena, kisha wa tatu, na mwishowe wa tano. Ni vigumu kumbandika jina la mgombea wa chama cha tatu bila kuuliza kwanza ni mwaka gani unaozungumziwa.

Neno jingine ni kura halali. Asilimia tunayoisikia redioni huwa ni sehemu ya jumla fulani, na jumla hiyo inaweza kuwa ya kura zote zilizopigwa au ya kura halali peke yake, yaani baada ya kuondoa zilizoharibika. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini kwa uchaguzi wa 2010 utakuta mahali pamoja Lipumba amepewa asilimia 8.06 na mahali pengine takriban 8.28, ilhali kura zenyewe ni zile zile 695,667. Hakuna aliyeghushi hapo. Wahesabuji wawili wamegawanya kwa jumla mbili tofauti.

Sasa tuje kwenye rekodi yenyewe. Lipumba, mzaliwa wa Tabora na mchumi aliyepata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mshauri wa uchumi wa Rais Ali Hassan Mwinyi kabla hajaingia siasa za upinzani. Uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa wa 1995, wenye wagombea wanne. Benjamin Mkapa wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura 4,026,422, sawa na asilimia 61.82. Augustino Mrema, aliyekuwa ametoka CCM na serikalini na kujiunga na NCCR-Mageuzi huku akifuatwa na umati wa watu, alipata kura 1,808,616, sawa na asilimia 27.77. Lipumba alikuwa wa tatu kwa kura 418,973, sawa na asilimia 6.43, na John Cheyo wa UDP akafunga orodha kwa asilimia 3.97.

Hapo ndipo tunakutana na fumbo la kwanza. Katika uchaguzi huo huo chama cha Mrema kilipata viti 16 vya majimbo bungeni, na CUF, ambayo mgombea wake wa urais aliachwa mbali kiasi hicho, ilipata 24. Inawezekanaje aliyeshika nafasi ya tatu awe na wabunge wengi kuliko aliyeshika ya pili? Wafikirie wakulima wawili waliopewa debe moja moja la mbegu. Wa kwanza anazitawanya shamba zima, kila mahali panaota mche mmoja mmoja na magugu yanauzidi nguvu. Wa pili anazipanda zote katika bustani moja ndogo, na bustani hiyo inakuwa yake. Kura za Mrema zilitapakaa nchi nzima; za CUF zilisongamana Zanzibar, hasa Pemba, na huko zikatosha kuchukua majimbo. Kura ya urais huhesabiwa nchi nzima kama kapu moja, ilhali kura ya ubunge huhesabiwa jimbo kwa jimbo, na hayo ni mashindano mawili tofauti hata kama yanafanyika siku moja.

Zanzibar inastahili kuelezwa zaidi kidogo, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mpigakura wa Bara hupewa karatasi tatu: ya Rais wa Muungano, ya mbunge na ya diwani. Mpigakura wa Zanzibar huongezewa ya Rais wa Zanzibar na ya mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Kwa miaka mingi CUF ilikuwa na nyuso mbili kwenye karatasi hizo: Lipumba kwa urais wa Muungano, na Maalim Seif Sharif Hamad kwa urais wa Zanzibar. Maalim Seif ndiye aliyetangaziwa asilimia 49.76 mwaka 1995 dhidi ya 50.24 za Salmin Amour, na ndiye aliyetangaziwa 49.14 mwaka 2010 dhidi ya 50.11 za Ali Mohamed Shein. Mtu anayesema kwamba CUF ilikosa urais kwa kura chache sana anasema kweli, ila anauzungumzia uchaguzi wa Zanzibar na mgombea mwingine. Lipumba hakuwahi kuukaribia ushindi kwa namna hiyo, na si haki kwake wala kwa Maalim Seif kuwachanganya.

Mwaka 2000 wagombea walikuwa wanne, na watatu kati yao walikuwa na vyama vile vile vya 1995. Aliyebadilisha chama ni Mrema, ambaye sasa aligombea kwa TLP. Mkapa alipanda hadi asilimia 71.74, Lipumba akawa wa pili kwa kura 1,329,077, sawa na asilimia 16.26, Mrema akateremka hadi asilimia 7.80. Kura za Lipumba zilikuwa zaidi ya mara tatu ya zile za miaka mitano nyuma. Lakini ukizijumlisha kura za wapinzani wote watatu wa 1995 unapata 2,486,323, na za wapinzani watatu wa 2000 ni 2,309,083. Upinzani kwa ujumla haukuongezeka, ulipungua kidogo. Lipumba aliongeza kura zipatazo 910,000, Mrema akapoteza zaidi ya milioni 1.1. Takwimu haziwezi kutuambia kama ni watu wale wale waliohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, lakini zinatosha kuonyesha kwamba kupanda kwa Lipumba kulitokea ndani ya nyumba ya upinzani, bila kuugusa ukuta wa CCM. Nafasi ya pili yenyewe isitupumbaze. Aliyekuwa wa pili aliachwa kwa zaidi ya asilimia 55, na mkimbiaji anayemaliza wa pili huku wa kwanza ameshaoga na kubadilisha nguo hawezi kusema alikaribia kushinda.

Mwaka huo wa 2000 palifanyika pia badiliko la sheria ambalo halizungumzwi inavyostahili. Katika uchaguzi wa 1995 mshindi wa urais alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura halali. Mabadiliko ya kumi na tatu ya Katiba yaliliondoa sharti hilo, na tangu hapo mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye rais, hata kama ni theluthi tu ya kura zote. Kwa mgombea wa nafasi ya tatu, hili lilikuwa pigo kubwa. Chini ya kanuni ya zamani, asilimia zake sita au nane zingeweza, katika uchaguzi wenye ushindani mkali, kumzuia anayeongoza asivuke nusu na kulazimisha awamu ya pili, na hapo kila mtu angemwendea kumwomba wafuasi wake. Chini ya kanuni ya sasa hana cha kuuza. Mimi naamini huwezi kuihukumu rekodi ya wagombea wadogo wa Tanzania bila kulitaja badiliko hilo, kwa sababu lilipunguza thamani ya kila kura waliyoipata tangu siku hiyo.

Uchaguzi wa 2005 ndio unaonisikitisha zaidi kwa jinsi unavyosomwa vibaya. Ulikuwa na wagombea kumi, na upigaji kura wa Muungano uliahirishwa kutoka Oktoba hadi tarehe 14 Desemba baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA kufariki dunia. Jakaya Kikwete wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 80.28. Lipumba akawa wa pili tena, safari hii kwa asilimia 11.68, na hukumu iliyotolewa upesi ni kwamba umaarufu wake umeporomoka kutoka 16 hadi 11. Tazama kura zenyewe: 1,327,125. Tofauti na mwaka 2000 ni kura 1,952 tu, idadi inayoweza kutoka katika vituo vichache vya kupigia kura.

Ameporomokaje basi mtu ambaye kura zake hazijapungua? Chukua mfano wa mvuvi anayeshusha ndoo kumi za samaki pwani. Siku ambayo wavuvi wote kwa pamoja wameshusha ndoo sitini, yeye ana sehemu moja ya sita ya samaki wote. Siku ambayo wenzake wamerudi na neema na jumla imekuwa ndoo tisini, ndoo zake kumi zinabaki kumi, ila sasa ni sehemu moja ya tisa. Hakupoteza samaki hata mmoja, bahari ndiyo iliyowapa wengine zaidi. Kati ya 2000 na 2005 Tanzania ilianzisha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na walioandikishwa wakaongezeka kutoka 10,088,484 hadi 16,401,694. Kura halali za urais zikaongezeka kwa takriban milioni 3.19. Mgombea wa CCM peke yake aliongeza takriban milioni 3.26 juu ya zile za Mkapa. Kwa maneno mengine, ongezeko lote la kura, na ziada yake, lilikwenda CCM. Tatizo la Lipumba mwaka 2005 halikuwa kuwapoteza wafuasi. Aliwabakiza kama walivyokuwa, lakini hakuweza kuwavuta wapigakura wapya, na hiyo ni kasoro ya aina nyingine kabisa, inayohitaji dawa nyingine.

Mwaka 2010 mambo yaligeuka. Idadi ya walioandikishwa ilipita milioni 20, lakini waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia 43. Kikwete mwenyewe alipungukiwa na kura zaidi ya milioni 3.8 akilinganishwa na 2005, ingawa alishinda. Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA alikusanya 2,271,941, wakati Freeman Mbowe, aliyekibebea chama hicho bendera mwaka 2005, alikuwa amepata 668,756. Lipumba alibaki na 695,667, karibu nusu ya alizokuwa nazo. Hapa ndipo anguko la kweli lilipo, na ajabu ni kwamba asilimia hailionyeshi vizuri: 8.06 ni kubwa kuliko 6.43 za 1995, kwa hiyo asiyetazama kura zenyewe anaweza kudhani kwamba hali haikuwa mbaya sana. Kwenye uchaguzi ambao watu wengi wamebaki nyumbani, asilimia huficha mengi.

Mwaka 2015 Lipumba hakugombea. Ndiyo maana hesabu ya mara sita haisimami. CUF ilikuwa ndani ya UKAWA pamoja na CHADEMA, NCCR-Mageuzi na NLD, na muungano huo ukamsimamisha Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa ametoka CCM muda mfupi kabla. Tarehe 6 Agosti 2015 Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF kwa kutokubaliana na uamuzi huo. Mwaka uliofuata alitaka kurudi kwenye kiti chake, chama kikapasuka pande mbili, na mgogoro ukaishia mahakamani hadi Machi 2019, Mahakama Kuu ilipoamua upande wake. Maalim Seif na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo chini ya kaulimbiu ya "shusha tanga, pandisha tanga". Ofisi nyingi za CUF Zanzibar zikapakwa rangi mpya.

Bila kuyajua hayo, matokeo ya 2020 hayaelezeki. Kati ya wagombea 15, Lipumba alitangaziwa kura 72,885, sawa na asilimia 0.49, akiwa wa tano. Hiyo ni takriban kura moja kwa kila kumi alizopata 2010. Wapo wanaosema wananchi walimchoka. Inawezekana baadhi yao walimchoka, lakini maelezo hayo hayatoshi. Bustani ile ndogo yenye rutuba, Pemba na sehemu za Unguja, ilikuwa imehama na mtunza bustani wake, na kura ambazo tangu 1995 hadi 2010 zilikuwa zikimjia Lipumba kwa sababu zilikuwa za CUF hazikuwa tena na sababu ya kumjia. Rekodi ya mgombea wa kudumu mara nyingi hupima afya ya chama chake zaidi ya umaarufu wake mwenyewe.

Kuhusu dai la kugawa kura, hesabu ni rahisi. Mwaka 1995, ukiziweka kura zote za wapinzani katika kapu moja, bado zinapungukiwa na zaidi ya milioni 1.5 kumfikia Mkapa. Mwaka 2010 pengo ni zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2000, 2005 na 2020 pengo ni kubwa zaidi. Katika matokeo yaliyotangazwa, hakuna uchaguzi hata mmoja ambao kujitoa kwa Lipumba kungebadilisha mshindi wa urais. Anayepinga anaweza kusema kwamba umoja huzaa hamasa ambayo kujumlisha tu hakuwezi kuipima, na ana hoja: mgombea wa pamoja wa 2015 alipata kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97, ambazo peke yake zinazidi jumla ya kura 3,843,727 alizopata Lipumba katika chaguzi zake zote tano. Ila Lowassa alikuja pia na wafuasi wake mwenyewe kutoka CCM, hivyo hatuwezi kuupa umoja sifa yote. Kwenye majimbo hali ni tofauti: huko pengo linaweza kuwa la kura mia mbili, na wagombea wawili wa upinzani katika jimbo moja wanaweza kweli kumpa ushindi wa tatu wao.

Kwa nini basi mtu anaendelea kugombea? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria. Ibara ya 39 ya Katiba inamtaka mgombea urais awe amependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki. Ukomo wa vipindi viwili unamhusu aliyekwisha kuwa rais, haumhusu anayeomba. Chama nacho kina faida yake. Viti maalumu vya wanawake bungeni hugawanywa kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia tano ya kura halali za ubunge, na mgombea urais anayezunguka nchi nzima ndiye anayekumbusha wananchi kwamba chama kipo, hata pale ambapo mgombea wake wa ubunge hana gari. Chama kisicho na mtu juu ya karatasi ya kwanza kina kazi ngumu kwenye karatasi ya pili.

Namba zote nilizozitumia ni zile zilizotangazwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Wapinzani wamezilalamikia mara kadhaa, na ibara ya 41(7) ya Katiba hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais baada ya Tume kumtangaza mshindi, jambo ambalo Mahakama ya Afrika ililiona mwaka 2020 kuwa kinyume cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kwa hiyo rekodi hii haijawahi kupitishwa kwenye mizani ya hakimu, na msomaji anapaswa kuishika kwa uangalifu huo: kura 1,952 zinazotenganisha 2000 na 2005, kwa mfano, ni chache mno kuzijengea hoja yoyote zaidi ya kusema kwamba hakuna lililobadilika.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 CUF ilimsimamisha Gombo Samandito Gombo, na rekodi ya Lipumba ikabaki kwenye mistari yake mitano: 1995, 2000, 2005, 2010 na 2020.